Tochi yako inakula betri ikiwa imezimwa

Barua za mara hii zimetoka Tandahimba hadi Kilwa, na zinaulizia betri na mwanga: mawe gani, lumeni ngapi (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Hakuna hata mmoja aliyeulizia swichi. Nitajibu zote, lakini swichi nitaisema hata pale nisipoulizwa, maana huko ndiko hela zenu zinakopotelea.

Shikamoo fundi. Mimi ni mlinzi wa ghala la korosho. Nilinunua tochi ndogo ya betri moja ya AA, kitufe chake kiko ubavuni. Niliitia betri mpya ya alkalini nikaenda nyumbani mwezi mzima. Kurudi, haiwaki. Muuzaji anasema betri ilikuwa mbovu. Ni kweli? (Tandahimba)

Marahaba. Si kweli. Betri ilikuwa nzima, ila tochi yako haikuwahi kuzimika sawasawa tangu ulipoitia betri hiyo.

Kitufe cha ubavuni, kile laini kinachobofyeka na kurudi, mara nyingi hakikati umeme. Kinatuma tu ishara kwenye chipu iliyo ndani, nayo ndiyo inayowasha na kuzima taa. Ili isikie kidole chako, chipu lazima ikae macho usiku na mchana, na chakula chake ni betri yako. Tochi ya betri moja ya AA ina tatizo la ziada: volti 1.5 hazitoshi kuendesha chipu za aina hiyo, kwa hiyo kuna saketi ya kupandisha volti ambayo nayo haipumziki.

Tupige hesabu. Betri ya alkalini ya AA ina takriban miliampia-saa 2,500 (ndizo mAh, kipimo cha umeme uliomo ndani). Mwezi wa siku 30 una saa 720. Gawanya, utapata karibu miliampia 3.5. Hicho ndicho tochi yako ilichokuwa ikinyonya kila saa ikiwa kwenye begi. Tochi iliyotengenezwa kwa uangalifu hunyonya miliampia 0.02 tu ikiwa imelala, na kwa kiasi hicho betri ileile ingechukua zaidi ya miaka 10 kuisha, yaani ingechakaa yenyewe kwanza. Nje zote mbili zinafanana, na bei zinakaribiana. Na ukiona kitufe kina kijitaa kinachowaka muda wote ili ukione gizani, jua na chenyewe kinakula.

Ukitaka kuhakikisha, azima mita ya fundi redio. Fungua mfuniko wa nyuma, weka ncha moja ya mita kwenye kitako cha betri na nyingine kwenye ukingo mtupu wa bomba la tochi. Anza na kipimo cha ampia 10, kisha shuka kwenye miliampia. Usibofye kitufe ukiwa kwenye kipimo kidogo, utaunguza fyuzi ya mita. Na mita ikiwa kwenye ampia, usiziweke ncha zake mbili juu ya ncha mbili za betri; hiyo ni shoti.

Dawa ya bure ni kulegeza mfuniko wa nyuma robo mzunguko kila unapomaliza kutumia. Hii inafanya kazi kama nyuzi za mfuniko zimepakwa lile tabaka gumu la rangi lisilopitisha umeme. Nyuzi zikiwa alumini tupu inayong'aa, robo haitoshi. Legeza mpaka mfuniko uachane na bomba, au toa betri kabisa. Na safari nyingine nunua tochi yenye swichi ya mkiani inayobofyeka ikashika, ile inayokata njia ya umeme kama swichi ya ukutani. Hiyo ikizimwa imezimwa.

Lumeni ngapi zinatosha kutembelea usiku? (Lindi mjini)

Hamsini kwa njia ya miguu, 150 kwa shamba. Ukiona tochi ya bei ya soda imeandikwa lumeni 10,000, hiyo namba imeandikwa na mtu wa kuchapa maboksi.

Fundi, marehemu babu alikuwa anaanika mawe ya kurunzi juani yakiisha, na yalikuwa yanawaka tena. Mbona vijana mnasema haifai? (Newala)

Babu hakukosea alichokiona. Joto linaharakisha kemia ndani ya jiwe, na mapumziko nayo yanalipa nafasi ya kujikusanya, kwa hiyo unapata dakika kadhaa za mwanga hafifu. Hakuna umeme mpya ulioingia. Jua halichaji jiwe la zinki, lile la kawaida la kurunzi, na kuling'ata hakulichaji pia.

Tatizo ni gharama ya dakika hizo. Kopo la jiwe la zinki ndilo linaloliwa linapotumika. Likifika mwisho limeshakuwa jembamba, na ukiliongezea joto linatoboka na kumwaga maji yake ndani ya kurunzi. Nimefungua kurunzi nyingi hapa Mtwara ambazo springi imeliwa ikabaki unga wa kijani, na karibu kila mara mwenyewe anakiri kuwa alikuwa akianika. Kwa mawe ya zinki ni hasara ya kurunzi. Kwa betri za lithiamu za kuchaji ni hatari ya moto, na mtu asijaribu hata mara moja.

Mkifungua mkakuta imevuja: unga mweupe wa betri ya alkalini unatoka kwa maji ya ndimu au siki kwenye pamba, kisha futa kwa kitambaa chenye maji na ukaushe vizuri. Uchafu wa jiwe la zinki hauhitaji ndimu, futa kwa kitambaa kibichi tu. Kinga macho na watoto wawe mbali.

Nimeuziwa betri ya 18650 imeandikwa 9900 mAh. Je, itakaa mara tatu ya ile ya 3300? (Masasi)

Hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kunichosha. Hapana. Betri ya lithiamu ya kuchaji ya ukubwa huo, milimita 18 kwa 65, nzuri kabisa zinazouzwa sana zinaishia kama 3,500. Hakuna kiwanda kilichoficha siri ya 9,900. Ipeleke kwenye mizani ya sonara: iliyo ya kweli ina gramu 45 hivi, kasoro au zaidi kidogo. Yako ikisoma 25 au 30, umenunua kopo. Ila uzito peke yake hautoshi kukuhakikishia, kwani kuna zilizokutwa na betri ndogo ndani na unga wa kujazia. Usiipasue kutafuta ushahidi.

Nawaongezea ambalo hamkuuliza. Betri hizi zikiachwa kwenye tochi yenye kitufe cha kielektroniki kwa miezi, zinanyonywa mpaka chini ya volti 2.5. Hapo zinaharibika ndani, na kuzichaji tena ni kujitafutia moto. Ukikuta imeshuka hivyo, iache. Chaja yake isimame yenyewe kwenye volti 4.2, na usichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro.

Naweza kuweka 14500 kwenye tochi ya AA, maana zinalingana? (Nachingwea)

Zinalingana umbo tu. Ile ya 14500 ni ya lithiamu, ikijaa ina volti 4.2, na tochi iliyoundwa kwa 1.5 utaiunguza. Weka pale tu ambapo mtengenezaji ameandika kuwa inaruhusiwa.

Mimi ni mwalimu. Nataka betri za AA za kuchaji lakini zimeandikwa volti 1.2. Si zitakuwa dhaifu kuliko 1.5? (Masasi vijijini)

Mwalimu, swali lako nimelifurahia. Ile 1.5 ya alkalini ni ya siku ya kwanza. Ikianza kazi inashuka, inapita 1.3, 1.2, 1.1, na mwanga unafifia nayo. Betri ya kuchaji ya nikeli, ile ya NiMH, inakaa karibu na 1.2 karibu safari yake yote, halafu inaanguka ghafla. Kwenye tochi inayotaka umeme mwingi inaishinda alkalini, na unaichaji mara mamia. Kwenye tochi za mawe matatu zisizo na saketi ya kudhibiti, mwanga utapungua kidogo mwanzoni, na hilo ni la kuvumilika.

Angalia aina. Za kawaida hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu, robo hivi kwa mwezi, na joto letu la pwani linazidisha. Mwaka 2005 Sanyo walitoa Eneloop, ambazo sasa ziko chini ya Panasonic, na tangu hapo kuna betri zinazotunza sehemu kubwa ya chaji kwa mwaka mzima. Leo makampuni mengine yanazo pia. Utazijua kwa maandishi kwamba zimeshachajiwa kiwandani. Usivutiwe na namba kubwa: AA ya namna hii ina 1,900 hadi 2,500, na iliyoandikwa 4,000 ni ndugu wa ile 9,900 ya hapo juu. Chaja iwe inayochaji kila betri peke yake. Usichanganye ya zamani na mpya kwenye tochi moja, kwani ile dhaifu ikiisha mwanzo, zile nzima zinaisukumia umeme kinyume na kuiharibu.

Tochi yangu ya kuchomeka ukutani imekufa baada ya miezi mitatu kabatini. (Mikindani)

Ndani kuna betri ya risasi ya volti 4. Ikiachwa tupu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na haichajiki tena. Ichaji kila baada ya kutumia, na mara moja kwa mwezi hata kama hukuitumia. Ikiwa kwenye soketi usiifungue wala usimpe mtoto: nyingi hazina transfoma, na umeme wa ukutani uko mle ndani.

Naomba tochi ndogo rahisi ya watoto wanaotoka madrasa baada ya isha. (Shangani)

Dada, ya jiwe moja la AA, swichi ya mkiani, basi. Zile za kwenye funguo zenye betri za kidonge usizilete ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo. Kidonge cha lithiamu kikimezwa na kukwama kooni kinaunguza ndani kwa saa mbili tu. Ukishuku kimemezwa, nenda hospitali muda huohuo, usingoje dalili.

Zahanati yetu ina tochi ya dharura ya wodi ya wazazi. Umeme ulipokatika wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, haikuwaka. Tufanyeje? (Kilwa)

Pole sana, muuguzi. Tochi ya dharura haikai na betri ndani. Zikipatikana Dar es Salaam, agizeni AA za lithiamu zisizochajiwa, za volti 1.5: hazivuji kirahisi, na watengenezaji wanazipa hadi miaka 20 ya kukaa. Zikikosekana, alkalini mpya inafaa, zinki hapana. Zifungeni kwenye karatasi yake mzifunge na mpira ubavuni mwa tochi, ncha zisigusane. Ifungieni kamba msumarini mlangoni, si kwenye droo yenye ufunguo. Tarehe 1 ya kila mwezi anayeingia zamu ya usiku azitie, awashe dakika moja, azitoe, na aandike jina lake kwenye daftari la zamu.