Kabla hujaandika "nimeona gorila": maneno kwa wadogo zangu munaanza tereni

Nyie wadogo wangu wa biolojia na mazingira mwenye munaanza kwenda tereni, yaani kazi ya porini, mwaka huu, na hata nyie wa kupanda tu vilima siku ya Jumapili, niwaambie vile mimi nilijifunza maana nilifanya makosa karibu yote na moja mpaka leo wenzangu bado wananicheka nayo.

Ilikuwa staji, mazoezi ya kazi ya mwanafunzi, ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, upande wa Tshivanga, kule unapandia ukishatoka barabara ya Bukavu pale Miti. Tulikuwa wanafunzi watatu na muzee mmoja pistere, yaani mwenye kufuata nyayo za wanyama, mtu wa maneno machache sana, anatembea mbele na panga yake polepole kama mwenye hana haraka ya kufika popote. Asubuhi tukakuta viota. Mimi haraka nikatoa kaye, daftari yangu, nikaandika "gorila 5, kundi moja", nikapiga na mstari chini, moyo wangu safi kabisa. Muzee akaniuliza, umewaona? Nikasema hapana papa, lakini si ni viota vyao hivi? Akasema basi andika viota. Halafu akanishika mkono akanionyesha, vile viota vyote vilikuwa juu ya miti, matawi yamekunjwa na kusukwa vizuri, na chini akatafuta mavi akayakuta pembeni, si ndani ya kitanda. Kumbe ni sokwe! Gorila wa huku mara nyingi analala chini, ingawa mara moja moja naye anapanda, na asubuhi anaacha mavi palepale alipolala. Sokwe analala juu ya mti na mara nyingi anajisaidia nje ya kitanda chake. Mimi nilikuwa nimewapa sokwe wa watu jina lingine na nikawahesabu bila kumuona hata mmoja.

Tangu siku ile nagawa ukurasa wa kaye yangu na mstari katikati. Kushoto naandika kitu jicho limeona, sikio limesikia, pua imenusa, basi. Kulia naandika kitu nafikiri. Inaonekana kazi ya watoto wa primaire lakini jaribuni mutaona vile upande wa kulia unapenda kuingia kushoto kwa nguvu. "Mnyama alikuwa na njaa" inaenda kulia. "Amevunja mianzi 3, amekula sehemu ya ndani laini, ganda ameliacha" inaenda kushoto.

Na si mchezo, sababu viota njo vinatumika kuhesabu wanyama wenye huwezi kuwaona kwa macho. Gorila anatengeneza kitanda kipya kila jioni, kwa hiyo ukikuta kundi la viota vya usiku mmoja unahesabu vitanda, unapima ukubwa wa mavi, yale makubwa kabisa ni ya dume lenye mgongo mweupe, madogo ni ya vijana. Lakini angalieni hapa wengi wanaanguka: mtoto mdogo analala na mama yake, kitanda kimoja watu wawili, sasa mwenye hesabu yake ni vitanda tu anapunguza watoto. Na kitanda cha siku nne ukikichanganya na cha jana unaongeza gorila wenye hawapo. Hawa wa kwetu, gorila wa Grauer, hawapatikani dunia nzima isipokuwa huku mashariki ya Congo, na tangu 2016 wamewekwa kwenye daraja la wale wako karibu kabisa kuisha. Kaye mbaya kwa mnyama kama huyu ni uongo mukubwa kuliko vile unafikiri.

Mambo ya njiani nitapita haraka. Chukueni kreyo (penseli), si biki tu, mvua ya kule haiombi ruhusa na wino unakimbia ukurasa mzima. Kaye ndani ya sashe, mfuko wa plastiki. Soksi juu ya suruali sababu ya siafu, mtu mwenye hajakanyaga siafu anacheka, akishakanyaga anavua suruali mbele ya watu. Ukipiga foto ya alama ya mguu au ya mavi weka kreyo pembeni ili ukubwa ujulikane, foto zangu za kwanza zote ni za mavi yenye hayana kipimo, hazinisaidii kitu. Na ukiwa na mafua ama kikohozi bakia nyumbani, hata kama umelipa, hata kama umengoja mwezi mzima, gorila anashika magonjwa yetu na yeye hana farmasi.

Kitu kigumu kabisa kufundisha ni kusimama. Wanafunzi wa mjini tunatembea kama tunafuata taksi pale Nyawera, Bukavu. Simameni kwenye ukingo wa mianzi dakika 15 bila kuongea, dakika tano za kwanza hamuone kitu, msitu bado unawasikiliza nyinyi, halafu ndege wanarudi kuimba, panya anapita, na mutaanza kusikia tawi linavunjika kule mbali. Wakati wa mvua mianzi inatoa machipukizi na gorila wanayapenda sana, njo maana kipindi kile wanazunguka zaidi ndani ya mianzi, mwenye hajui majira ya mianzi atawatafuta upande mwingine mpaka jioni.

Sasa najua mutaniambia yaya, njia ya Kahuzi si kila siku iko wazi. Kweli kabisa, na mimi siwaambii mtu ajitupe, ulizeni kwanza watu wenye wanatoka kule asubuhi ile, na mkiambiwa rudi, rudini. Lakini mazoezi yanaanza hapa mjini. Shukeni kando ya ziwa, Nguba ama Muhumba, muangalie mdiria mwenye madoa meusi na meupe vile anasimama hewani kwa mabawa halafu anaanguka kichwa chini ndani ya maji. Muangalie mwewe anavizia sambaza, wale samaki wadogo, za kina mama. Na hapo muulize swali: sambaza ni wa hapa? Hapana, waliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950 mwishoni. Mikalitusi ya vilima vyetu nayo ilitoka Australia. Mimi nilikuwa naandika "msitu wa asili" kila penye niliona miti.

Ama kinyonga. Najua wengi wetu tumefundishwa kumuogopa, mama yangu mpaka leo akimuona kwenye shamba anabadilisha njia. Lakini usimuue, kaa umuchore. Kuna mwenye pembe tatu kichwani, na mwingine wa namna ileile bila pembe, mwenzangu mmoja aliandika aina mbili tofauti, na alikuwa anabisha kweli kweli. Ni dume na jike tu. Kushoto alipaswa kuandika "mmoja ana pembe, mwingine hana". Aina mbili ilikuwa mawazo yake.

Tena moja, majina. Musikimbilie jina la Kilatini. Ulizeni mama wa kijiji mti huu anauita nini kwa Mashi, lugha ya huku, anautumia kufanya nini, andikeni vile mumesikia, Kilatini kitakuja baadaye kwenye vitabu. Na Wambuti, wenye walitolewa ndani ya msitu ule wakati hifadhi inaanzishwa miaka ya 1970, wanajua alama zenye sisi na diploma zetu tunazikanyaga bila kuziona, basi mkijifunza kwao muandike pia kwamba mumejifunza kwao. Ile habari ya mavi ndani na nje ya kitanda, mimi kwenye ripoti ya staji niliiandika kama ugunduzi wangu. Muzee hasomi Kifaransa, hakujua. Kwenye kaye nimesharekebisha, kwenye ripoti bado iko vile.