Kitabu kilitangulia, filamu ikafuata

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba filamu ya Love, Simon ilitoka kwanza, kitabu kikafuata. La, ni kinyume chake. Riwaya ya Becky Albertalli, Simon vs. the Homo Sapiens Agenda, ilitoka 2015. Filamu yake, Love, Simon, ikaja 2018. Kinachowachanganya watu ni jalada: filamu ilipotoka, kitabu kilichapishwa upya kikiwa na jina la filamu. Nakala yangu niliyonunua mtumba hapa Mombasa ni hiyo hiyo, nami pia nilidanganyika mpaka nikasoma ukurasa wa mwaka wa uchapishaji.

Na yule mwingine aliyesema mwandishi "anaandika ya watu asiyoyajua", yaani wapenda jinsia moja, hilo limepitwa na wakati. Wasomaji walimsakama kwa hoja hiyo miaka na miaka, hadi 2020 akaeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe huvutiwa na wanawake na wanaume. Akasema wazi kwamba hakupenda kujieleza kwa kusukumwa hivyo. Mimi nilimwonea huruma, maana kisa cha kitabu chenyewe ni Simon, kijana anayetishiwa kufichuliwa kwamba anapenda wavulana wenzake, baada ya mwanafunzi mwenziwe kuona baruapepe zake.

Kuchekesha, kinachekesha wallahi. Dada yangu alicheka peke yake ndani ya matatu kwa zile porojo za biskuti za Oreo, kijana anazitetea kama biriani ya Ijumaa. Ila ukishaiona filamu usidhani umesoma kitabu: pale Blue, mvulana ambaye Simon huandikiana naye baruapepe bila kumjua, anapojitokeza pamebadilishwa, na kwangu kitabu kimepafanya vizuri zaidi.