Harusi Jumamosi, mechi siku nne: maswali ya wapenzi wa kriketi

Msimu wa kriketi ya kaunti (ligi ya timu za majimbo) nchini Uingereza huanza Aprili na kumalizika Septemba, yaani katika miezi ileile ambayo jamaa zetu wanaoishi huko hupanga harusi na maulidi yao. Haya ni baadhi ya maswali tuliyoletewa.

Binti ya dada yangu anaolewa hapa Leicester siku ya Jumamosi, nayo ni siku ya pili ya mechi ya Leicestershire uwanjani Grace Road. Nikaha ni baada ya adhuhuri. Nikitazama kipindi cha asubuhi tu, nitawahi?

Ninakuelewa, kwa sababu timu yako ilipanda daraja mwaka 2025 baada ya kusota daraja la pili tangu 2004, na hakuna anayetaka kukosa hata mpira mmoja. Hata hivyo, mchezo kwa kawaida huanza saa tano asubuhi na mapumziko ya chakula huwa saa saba, kwa hiyo utatoka uwanjani hujaoga wala hujavaa kanzu, ilhali wewe ni mjomba, mtu wa kwanza kuulizwa yuko wapi. Jumamosi iache yote. Mechi ya Ubingwa wa Kaunti ni ya siku nne, na kila siku hupangiwa ova 96 (ova moja ni mipira sita), hivyo bado una siku tatu. Nenda Ijumaa ukaone mpira mpya ukianza kurushwa, kisha urudi Jumapili, siku ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo tamu kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo huanza kubainika ni timu gani inayojaribu kushinda na ni ipi inayotafuta sare. Siku ya nne usiitegemee sana, maana wiketi zikianguka haraka, yaani wapigaji wakitolewa upesi, mechi huisha mapema, nayo mvua haina adabu.

Mume wangu huficha kisikilizio cha kufuatilia mechi sikioni tukiwa na wageni. Kwenye hitima ya mama mkwe wangu alisema "katoka!" kwa sauti wakati shehe anaomba dua. Nifanye nini?

Pole sana, dada, ingawa nakiri kwamba nimecheka. Tatizo ni kwamba siku hizi kishawishi kiko mfukoni: BBC hutangaza mechi za kaunti mpira kwa mpira, na kaunti nyingi huzionyesha bure kwenye YouTube. Kumkataza kabisa hakutafaa, kwani atajifungia msalani na simu. Mpe ratiba ya mchezo wenyewe: mapumziko ya chakula ni dakika 40 na ya chai ni dakika 20, na katika muda huo hakuna kitu cha kusikiliza, basi wageni wakaribishwe mezani wakati huo kila inapowezekana. Palipo na dua au hotuba ya wazee, simu ikae kwenye mkoba wako. Matokeo hayatamkimbia.

Tunataka kupanga tarehe ya harusi ya kijana wetu bila kugombana na baba yake. Mwezi upi unafaa?

Agosti. Tangu mashindano ya The Hundred, ya mechi fupi za mipira 100 kwa kila timu, yaanze mwaka 2021, sehemu kubwa ya mwezi huo haina mechi za siku nne, na kaunti hucheza zile za siku moja. Epukeni Septemba, wakati ubingwa na kushuka daraja huamuliwa.

Je, ninaweza kuwapeleka uwanjani mama yangu mzee na watoto, ili Jumapili ya familia na kriketi viwe kitu kimoja?

Unaweza, na mechi ya siku nne inafaa kwa hilo kuliko ile ya ova 20 ya jioni yenye muziki na makelele, kwa sababu viti huwa vingi na mtu husogea atakako. Bebeni sambusa na chupa ya chai ya maziwa. Watazamaji wa kaunti nao huja na vikapu vyao. Mleteeni bibi shali, hata mwezi Juni. Watoto waelezwe jambo moja kabla hamjaingia: wasipite nyuma ya mrushaji mpira wakati ova inaendelea, kwa kuwa mpigaji atasimamisha mchezo na uwanja mzima utawageukia ninyi.