Idi ya baridi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mzanzibari, niko Toronto. Idi ikiangukia kwenye baridi, mkate wa kumimina hauumuki. Mume wangu anasema tununue keki tu. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Keki! Roweka mchele usiku kucha, usage na tui la kopo, iliki na hamira. Bakuli liweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka. Joto hilo latosha. Mkate ukiwa jikoni, wawekee watoto taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja tangu 1905. Wakiicheka fidla, waache. Bibi yao mpigieni saa tatu asubuhi: Unguja wakati huo ni kumi na moja jioni, wageni wameshapungua. Mumeo aoshe vyombo.