Marmite na Bovril: mbona wenzangu wanafurahia, mimi naitema?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtu wa Moshi, nipo Derby huku Uingereza mwaka wa pili huu. Kazini wenzangu asubuhi wanapaka Marmite kwenye mkate, na kuna mama mmoja anakunywa Bovril kwenye kikombe kama vile chai. Nikanunua kichupa cha Marmite nikapaka kama jam, aisee nilitema, chumvi na uchungu tu. Nakosea wapi au ndo ladha yenyewe? Na hizo mbili zina tofauti gani? Mama yangu anakuja mwezi ujao naye anataka kuonja, ila ana presha.

JIBU: Marhaba dada. Kosa liko hapo uliposema "kama jam". Kichupa kinakaa rafu moja na jam na kinapakwa kwenye mkate kama jam ndio, lakini kilichomo ni kiungo, ni ndugu yake Royco, na Royco yenyewe ukiichota kijiko ukailamba utaitema vilevile. Marmite ina chumvi kama gramu 10 hadi 11 kwenye kila gramu 100, sasa ukiipaka nene kama jam unajikuta umekula chumvi ya sufuria zima kwenye kipande kimoja cha mkate.

Mimi kazi yangu ni teknolojia ya vyakula, upande wa viungo na supu, na hiki kitu nakipenda kweli, kwa hiyo nivumilie nieleze kidogo. Kiwanda cha Marmite kiko Burton upon Trent, hapo jirani yako tu, kilianza 1902, na hakikuwekwa pale kwa bahati, Burton ni mji wa viwanda vya bia na bia ikishaiva inabaki hamira nyingi sana ambayo zamani walikuwa hawajui waifanyie nini. Hiyo hamira inatiwa chumvi na kupashwa moto wa wastani, seli zinakufa, halafu vile vimeng'enya vilivyomo ndani yake vinaanza kumeng'enya protini za hamira yenyewe, yaani inajimeng'enya. Maganda yanachujwa, maji yanakaushwa, unabaki na ule uji mweusi mzito. Protini zikishavunjika hivyo kinachotoka kwa wingi ni glutameti, na glutameti ndo ile ladha ambayo sisi tukionja mchuzi tunasema umekolea. Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua 1908 kwenye mwani wa supu akaiita umami, ila wewe unaijua tangu utotoni, ni ileile ya dagaa waliokaushwa, ya nyanya zilizokaangwa mpaka zikakauka, ya supu ya mifupa iliyokaa jikoni tangu asubuhi.

Sasa jinsi ya kula. Choma mkate, paka siagi ya kutosha ukiwa bado wa moto, acha iyeyuke, halafu chovya ncha tu ya kisu kwenye Marmite na uikwangue juu ya siagi mpaka iwe michirizi ya kahawia, mkate uonekane chini yake. Usiruke siagi! Mafuta yanafunika ulimi kidogo, ukali wa chumvi na uchungu unapungua, ule ukolevu unabaki. Ukishazoea weka na jibini juu uirudishe kwenye moto. Kwenye chapati ya moto pia inakaa vizuri, na kwenye yai la kuchemsha.

Na ukiniuliza mimi inapong'aa zaidi ni kwenye sufuria. Ukipika mtori huko (ndizi mbichi najua zinapatikana) koroga kijiko kimoja cha chai cha Marmite mwishoni kabla hujatia chumvi yoyote, onja, ndo uamue kama chumvi inahitajika tena, mara nyingi haihitajiki. Maharage hivyo hivyo.

Bovril ni kitu kingine ingawa rangi moja. Yenyewe asili yake ni nyama ya ng'ombe, aliianzisha Mskoti anaitwa John Lawson Johnston miaka ya 1870, alikuwa na tenda ya kulisha jeshi la Ufaransa nyama, akatengeneza supu nzito ya kubebeka. Leo ina mchuzi wa nyama pamoja na hamira ileile iliyomeng'enywa, na huo mchanganyiko una akili sana, maana nyama ina vitu vyake ambavyo vikikutana na glutameti ladha inapanda kuliko ukivijumlisha kimoja kimoja. Ndo maana inanyweka: kijiko cha chai kwenye kikombe, maji ya moto, koroga, pilipili manga kidogo, na mkate wa kuchovya. Waingereza wanaipenda uwanjani kwenye mpira wakati wa baridi, ijaribu Januari ukitoka kazini utanielewa. Kwa asiyekula nyama ni Marmite tu, Bovril hapana.

Kuhusu mama: kuonja aonje, ule mchirizi mwembamba kwenye nusu mkate haumdhuru, ila Bovril ya kikombe kila siku hapana, kikombe kimoja kinaweza kupita gramu 1 ya chumvi na kwa siku nzima WHO wanataka mtu asifike gramu 5. Muulize pia dawa anazotumia, wanaomeza dawa za sonona za kundi la MAOI hawatakiwi kugusa hivi vitu kabisa, vina tairamini inayoweza kupandisha presha ghafla. Mwenye jongo naye apunguze. Na ngano na shayiri zimo, kama kuna mwenye mzio wa gluteni.

Uzuri wake upo pia, vitamini B zimejaa. Daktari Lucy Wills mwaka 1931 aliandika jinsi alivyowatibu kwa Marmite wajawazito wa Bombay waliokuwa na upungufu wa damu, na kilichokuwa kinawaponya baadaye kikajulikana kuwa foleti, mojawapo ya hizo vitamini B.

Hicho kichupa ulichonacho usikitupe dada, hakihitaji friji, chumvi inakilinda, kifunike tu vizuri kabatini. Mama akija mpikie huo mtori kwanza, mkate baadaye.