Shimo, samadi na mti: majibu kuhusu kilimo cha Saheli

Tangu tulipogusia wakulima wa ukanda wa Saheli, huko Afrika Magharibi, maswali yamemiminika. Leo nayajibu matano.

Shikamoo bibi shamba. Mashimo ya zaï ya Burkina Faso yana tofauti gani na mashimo ya kawaida ya kupandia? (Msomaji, Kongwa)

Marahaba. Tofauti ya kwanza ni wakati. Zaï huchimbwa kiangazi, mvua ikiwa bado mbali, tena kwenye ardhi iliyokwisha kukatiwa tamaa. Mkoani Yatenga, kaskazini mwa nchi, ardhi hiyo huitwa zipellé: ngumu kama sakafu, mvua ikinyesha maji yanapita juu na kwenda zake. Mkulima huchimba shimo la upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20, udongo anaurundika upande wa chini wa mteremko ili uzuie maji, kisha anatia samadi au mboji. Samadi huita mchwa. Sisi tumezoea kumhesabu mchwa kuwa adui, lakini pale ndiye kibarua: anatoboa vijia chini ya shimo, na mvua ya kwanza inazama. Mtama au uwele hupandwa humo humo.

Ufundi huu ni wa kale. Aliyeuboresha na kuutangaza ni mzee Yacouba Sawadogo wa kijiji cha Gourga, karibu na mji wa Ouahigouya. Elimu yake ilikuwa ya madrasa. Ukame ulipowafukuza wengi vijijini, yeye alibaki, akapanua mashimo na kuyatia samadi kabla ya mvua. Watu walisema amerukwa na akili, na wapo waliomchomea moto mimea yake. Baadaye akawa anaandaa siku za soko shambani kwake, wakulima wa vijiji vingi wakaja kubadilishana mbegu na maarifa. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na Desemba 2023 akafariki. Ningependa kila kijana anayesomea kilimo alijue jina lake.

Mavuno yanalipa jasho? Baba yangu ana miaka 63. (Msomaji, Makueni)

Kwenye zipellé isiyo na zaï huvuni kitu. Ukichimba, mwaka wa mvua haba unaweza kupata kilo 300 hadi 400 kwa hekta, na mwaka mzuri hata 1,500. Lakini hekta moja hubeba mashimo zaidi ya 10,000, kwa hiyo baba asianze na hekta. Aanze na kipande kinachotosha samadi aliyo nayo, maana shimo lisilo na samadi halimlishi mtu. Kule Yatenga wengi huongeza mistari ya mawe inayofuata usawa wa shamba ili kupunguza kasi ya maji. Usawa wenyewe walijifunza kuupima kwa mpira wa plastiki unaoonyesha maji ndani, kama wanavyofanya mafundi wetu wa ujenzi.

Nasikia Niger wanaacha miti katikati ya mtama. Haiunyimi mtama jua na rutuba? (Msomaji, Dodoma)

Wewe wa Dodoma unaijua tayari: ni kisiki hai. Katika mikoa ya Maradi na Zinder hawakupanda miti, waliacha visiki vichipue, wakachagua machipukizi machache yenye nguvu na kupogoa mengine. Mwaustralia Tony Rinaudo, aliyekuwa akifanya kazi Maradi, alianza kuhimiza jambo hili mwaka 1983 baada ya miche mingi aliyoipanda kufa. Leo eneo lililorudisha miti nchini humo linakadiriwa kuwa hekta milioni 5.

Kuhusu kivuli, inategemea mti. Gao, kama Wahausa wanavyouita, hupukutisha majani mvua zinapoanza na kuchipua kiangazi. Mtama unapata jua, udongo unapata majani yaliyooza, na maganda ya mbegu zake ni chakula cha mifugo wakati nyasi zimekwisha.

Ila msifikiri elimu peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Kwa miaka mingi mti wa shambani ulihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata alitozwa faini. Nani atalea asichoruhusiwa kuvuna? Usimamizi wa sheria hiyo ulipolegea, na watu wakaanza kuiona miti kuwa yao, ndipo ikasimama.

Kilimo hiki kinakataza mbolea ya chumvichumvi? (Msomaji, Iringa)

Wapo wanaoikataa kabisa. Mimi siikatai. Niger wakulima wamejaribu kutia kiasi kinachojaa kifuniko cha chupa ya soda kwenye kila shina, na uwele umeitikia vizuri. Kumwaga mifuko kwenye udongo usio na mboji ni kupoteza fedha.

Shamba ninalolima ni la shemeji. Nikilifufua kwa njia hizi, hatalichukua? (Mama, Singida)

Dada yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote. Huko Saheli pia wanawake wengi hulima ardhi ya kupewa kwa muda, mara nyingi ile iliyochoka, na ikinawiri mwenyewe huweza kuidai. Hata mzee Sawadogo hakusalimika: msitu alioukuza kwa miaka mingi uliingiliwa na viwanja vya mji wa Ouahigouya uliokuwa ukipanuka.

Kwa hiyo usichimbe hata shimo moja kabla ya kuzungumza na shemeji mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji. Yaandikwe: utalima misimu mingapi, na kuni na matunda ya miti utakayoilea ni ya nani. Rutuba ya samadi hudumu zaidi ya msimu mmoja, basi omba angalau misimu mitano. Akikataa, samadi yako itie kwenye bustani ya nyumbani.