Muulize Fundi Bodi: Challenger ya mkwe na Challenger ya mume

*Shikamoo Fundi. Nimeolewa Grand Rapids, Michigan. Mume wangu ana Dodge Challenger ya 2009, rangi ya chungwa, anaitunza kama yai. Baba yake naye ana Challenger ya 1970, ya zambarau, haitoki bandani ila jua likiwaka. Wakikutana ni ugomvi. Mzee anasema ya mwanawe ni "sedani iliyovaa kinyago", mume anasema baba ana wivu. Mimi naona gari lile lile, moja limenenepa tu. Wanagombania nini hasa? – Mke wa Dereva*

Marahaba, mwanangu. Umeshajibu nusu ya swali: limenenepa. Siku wakikutana tena wape tepu wapime. Ya mzee ina kimo cha sentimita 130 hivi, ya mumeo 145 hivi. Urefu umeongezeka sentimita 16, lakini upana ni karibu ule ule. Kwa hiyo unene unaouona si wa kiuno, ni wa kupanda juu. Mlango umekuwa mrefu, kioo kimebaki chembamba, na ukikaa ndani begani mwako ni bati tupu.

Na mzee hasemi uongo kuhusu sedani. Mifupa ya Challenger ya mumeo ni ya Dodge Charger ya milango minne, ikapunguzwa inchi 4 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Hata baada ya kupunguzwa bado inaizidi ya 1970 kwa inchi 6 hapo hapo. Humo chini kuna kazi iliyotokana na Mercedes, maana wakati ule Dodge ilikuwa chini ya DaimlerChrysler, kampuni iliyomiliki Mercedes pia. Kama mzee hajalisikia hilo, usiwe wewe wa kumwambia.

Lakini kinachowauma wazee zaidi ni nguzo. Mwombe mkweo ashushe vioo vyote. Utaona kuanzia kioo cha mbele mpaka nyuma hakuna kitu kinachosimama kati. Upepo unapita utakavyo. Kisha nenda kwa mumeo: nguzo ipo, na kioo cha nyuma hakishuki. Ungekuwa umeona gari la maonyesho, lile la mfano lililotangulia la kuuzwa, ungeelewa hasira yao.

Mimi nililiona. Ilikuwa Januari 2006, Detroit, ukumbi wa Cobo, na sikuwa nimemaliza miezi mitano Marekani. Nilitoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikinyoosha mabodi ya Peugeot 504 na Corolla, na bosi wangu mpya akanipa tiketi yake kwa sababu alikuwa na mafua. Challenger ile ilikuwa ya chungwa, na milia ya boneti haikuwa rangi: ni nyuzi za kaboni zilizoachwa wazi. Kwa fundi bodi hilo peke yake ni nusu saa ya kusimama. Na haikuwa na nguzo. Kando yangu kulikuwa na wazee wawili. Mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole: taa nne za mbele, grili iliyozama ndani, ule mkunjo wa ubavuni unaopanda juu ya gurudumu la nyuma. Alipofika kwenye vioo akashusha mkono, akamwambia mwenzake, "Nguzo hawajaweka." Wakacheka kama watoto. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini hilo nilielewa.

Februari 2008, Chicago, wakaonyesha ile ya kuuzwa. Nguzo ikawepo. Paa la leo lazima listahimili gari likipinduka, na ukiondoa nguzo unatafuta uimara huo mahali pengine kwa gharama kubwa. Mimi nimekata mabodi mengi, najua nguzo ile ina kazi. Ila mtu aliyeahidiwa dirisha moja refu hapokei hesabu ya chuma.

Sasa mumeo. Sidhani kama aliwahi kupanda ya 1970 akiwa kijana na leseni mpya. Aliipata kwenye picha, na kwenye picha kimo hakionekani: unaona uso, boneti ndefu, na taa za nyuma za mstari. Vyote hivyo gari lake linavyo. Mkweo aliipata kwa makalio, kwa kiwiko kilicholala juu ya mlango mfupi. Usiwapatanishe. Wape chakula tu.

Kama mumeo anataka kushinda mabishano, amkumbushe baba yake Pontiac GTO ya 2004. Jina lile lilianza 1964, na watu walilisubiri. Likaja gari la Australia, Holden Monaro, likabandikwa beji. Injini ilikuwa kali, V8 (silinda nane) ya lita 5.7, na breki na miguu bora kuliko GTO yoyote ya zamani. Wapenzi wakaangalia boneti: tambarare, haina hata tundu. Wakasema ni gari la kukodisha pale uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata kampuni ikatoboa matundu mawili na kuongeza injini ya lita 6.0, na 2006 ikafunga. Challenger yenye mifupa ya sedani ikaishi mpaka Desemba 2023. Ukiniuliza mimi, GTO ile ilionewa. Lakini nilipoiona mara ya kwanza nami niliipita bila kugeuza shingo.

*Fundi, nimesoma kuwa Challenger ya 1970 yenye injini ya Hemi ilikuwa na hospawa 425, na ile ya 2008 ina 425 vilevile. Miaka 38 wamelala? – Msomaji wa Mombasa*

Namba ni moja, mizani mbili. Zamani injini ilipimwa ikiwa juu ya stendi, imevuliwa feni, kisafisha hewa na ekzosi yake ya kawaida. Kuanzia modeli za 1972 viwanda vya Marekani vikapima injini ikiwa na vitu vyake vyote, na ghafla kila gari likaonekana limeugua. Kwa hiyo 425 za lita 6.1 za 2008 ni nzito kuliko 425 za lita 7.0 za 1970. Halafu jihadhari na wazee wanaotaja Hemi: ziliuzwa chache mno. Wengi wana injini ndogo zaidi, ya inchi za ujazo 383 au 318, chini ya boneti, na Hemi mdomoni.

*Hivi ni kweli Charger mpya ya umeme wameiwekea spika ili ingurume? Kwetu Dar tukisema V8 tunajua ni Land Cruiser ya mkubwa, lakini hili limenishinda. – Kijana wa Tabata*

Kweli. Charger Daytona ya 2024 ina milango miwili, sura ya kuikumbuka ile ya 1968, hospawa 670 kwenye ile kali zaidi, na kitu wanachokiita ekzosi ya Fratzonic: spika na chemba ya kupitishia mngurumo. Hapo ndipo utakapoona mambo ya ajabu. Wale wale waliogombana miaka yote juu ya nguzo na kimo, safari hii waliisifu sura, wakaikataa sauti. Nilikuwa Woodward Avenue, ile Jumamosi ya tatu ya Agosti ambapo magari ya zamani hutembea vitongojini mwa Detroit kutwa nzima na sisi tunaketi pembeni na viti vyetu. Ikapita moja. Mzee aliyekaa jirani yangu akasikiliza mpaka imepotea, kisha akaniuliza kama kuna mtu ameacha redio. Baadaye Dodge wakaleta Charger ya petroli yenye silinda sita. Silinda sita nayo wana maneno nayo.

*Nataka kuingiza Challenger ya 2009 Nairobi. Inawezekana? – M., Nairobi*

Kwa kanuni za kawaida, hapana, na mara mbili. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, wala la usukani wa kushoto. Na Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Ukikutana na mtu anayekwambia atauhamisha, mwombe kwanza akuonyeshe gari alilowahi kuhamisha na uliendeshe kwenye mvua. Ukitaka kitu cha ukoo huo, tafuta Ford Mustang: kuanzia modeli ya 2015 ipo ya usukani wa kulia kutoka kiwandani, nawe uchukue ambayo umri wake unaruhusiwa. Sura yake imeshaanza kuikimbia ile ya miaka ya sitini, tofauti na Mustang ya 2005 iliyoinakili waziwazi. Na ndiyo, hilo nalo lina wazee wake.